Tundu la Herufi: Niliyojifunza Nikitengeneza Vito na Mapambo ya Maandishi

Katika kazi yangu ya kutengeneza vidani, hereni na mapambo ya ukutani yenye maumbo ya herufi, sehemu inayonila muda kuliko zote ni ile isiyoshikika. Ni tundu la O, ni pembetatu ndogo iliyo ndani ya A, ni uwazi unaobaki kati ya L na U. Fedha, shaba na mbao zinanunuliwa. Uwazi haununuliwi. Lazima niuchonge mwenyewe, na usipokaa sawa pambo zima linaharibika, hata machoni pa mtu ambaye hajawahi kufikiria habari za herufi maishani mwake. Ataligeuza, atalitazama, kisha atalirudisha mezani bila kujua kilichomkera.

Niliingia kwenye vito kupitia kalamu. Nilikuwa mwandishi wa hati kwanza, wa kalamu ya ncha pana na wino, na nilipenda maandishi kabla sijapenda madini. Kwenye karatasi tundu la herufi huja lenyewe: unazungusha O, uwazi unabaki katikati, nawe unaendelea na herufi inayofuata. Kwenye bamba la fedha mambo ni kinyume. Bamba limejaa kila mahali, na kila uwazi unaouona kwenye kidani kilichokamilika kuna mtu aliyekaa akauondoa chembe kwa chembe.

Nieleze jinsi tundu hilo linavyotolewa, kwa sababu wengi hudhani herufi za kidani hukatwa kwa mashine tu. Nabandika mchoro wa karatasi juu ya bamba la fedha lenye unene wa milimita 1. Katikati ya tundu linalotakiwa napiga alama kwa ncha ya chuma ili keekee isiteleze, kisha natoboa kitobo kidogo. Msumeno wa sonara una bledi nyembamba sana inayobanwa kwenye fremu kwa skrubu mbili. Nafungua skrubu moja, napitisha bledi kwenye kitobo, naibana tena na kuikaza mpaka nikiidonoa kwa ukucha inalia sauti kali. Meno yake yanatazama chini, upande wa mpini, kwa hiyo inakata inapovutwa. Mkono wenye msumeno hupanda na kushuka palepale. Kinachozunguka ni bamba, likisogezwa taratibu na mkono wa pili. Nakata ndani kidogo ya mstari, kwa sababu tupa itakuja kula kilichobaki. Tundu la e ndogo linaweza kuwa na upana wa milimita 2 tu, na humo humo tupa nyembamba lazima iingie, izunguke na itoke bila kukwaruza ukuta wa upande wa pili.

Matundu hukatwa kwanza, ukingo wa nje baadaye. Bamba likiwa bado zima linashikika vizuri. Ukianza na nje unabaki na kitu chembamba kinachopinda kila ukikigusa. Sonara aliyenifundisha alinipa kanuni hii kabla hajaniruhusu kugusa fedha, na mpaka leo nikimwona mtu anaanza kukata nje ya herufi najua hajawahi kukaa na fundi.

Kuna jambo jingine kuhusu matundu ambalo lilinikaa vizuri nilipoanza kusoma historia ya uchapaji. Mwaka 1978 mchora herufi Matthew Carter alichora fonti, yaani seti ya herufi za kuchapia, iitwayo Bell Centennial kwa ajili ya vitabu vya namba za simu vya kampuni ya AT&T huko Marekani. Vitabu hivyo vilichapwa kwa herufi ndogo mno, kwenye karatasi hafifu, kwa mashine za kasi, na wino ulikuwa ukitapakaa. Carter alichimba vipengo kwenye pembe za herufi, pale mistari inapokutana. Ukiitazama fonti hiyo ikiwa imekuzwa, utadhani herufi zimetafunwa na panya. Ikichapwa kwa udogo wake uliokusudiwa, wino unajaza vile vipengo na herufi inatoka safi. Aliacha uwazi mkubwa kuliko uliohitajika kwa sababu alijua wino utachukua sehemu yake.

Nilipoona hivyo niliinuka moja kwa moja nikaenda kuchukua K niliyokuwa nimeimaliza. Madini nayo hutapakaa. Lehemu ikishayeyuka hukimbilia pembe ya ndani kabisa ya herufi na kuganda humo. Msasa na dawa ya kung'arishia hulainisha kona ambazo ulitaka zibaki kali. Pale mikono miwili ya K inapokutana na mguu wake, kulikuwa na kidonge cha mviringo badala ya pembe. Tangu hapo, pembe za ndani za K, M, V na W nazichimba zaidi ya mchoro unavyosema. Lehemu inapokuja inakuta imetengewa mahali pake, na kona inabaki kona.

Uwazi wa ndani una ndugu yake, yaani uwazi wa kati ya herufi na herufi, na huyu ndiye mgumu zaidi kwa sababu hapimiki kwa rula. Chukua neno LULU. Ukizipanga herufi hizo nne kwa umbali ulio sawa kabisa, milimita kwa milimita, jicho halitasoma LULU. Litaona L peke yake, halafu UL zimekumbatiana, halafu U ya mwisho imeachwa nyuma. L ina mkono mmoja tu chini, na juu ya mkono huo kuna uwanja mtupu; U ikija baada yake, uwanja huo unaongezeka kwenye nafasi iliyopo. Lakini U ikifuatwa na L ni nguzo mbili zilizosimama bega kwa bega. Kwa hiyo L na U nazisogeza zikaribiane, U na L nazitenganisha, mpaka kiasi cha uwazi kinachoonekana kilingane, ingawa umbali haulingani. TAA ina mambo yake: T na A zinataka kuingiliana, moja ina nafasi chini ya mkono wake na nyingine imekonda juu, halafu A mbili zinagusana miguu huku juu zimeachana kama bonde.

Wanaogonga herufi kwenye bangili kwa mihuri ya chuma huliona tatizo hili kuliko wote. Kila muhuri ni kipande cha chuma chenye herufi moja kwenye ncha yake, na vyote vina mwili wa upana mmoja, iwe ni I au M. Ukivipanga kwa kufuata miili yao, I itaelea kwenye uwanja na M itabanwa. Mimi hugonga neno zima kwanza kwenye kipande cha shaba chakavu, kisha nakigeuza juu chini na kukitazama kwa macho nusu-wazi. Likiwa juu chini, akili haisomi tena. Inaona maumbo na nafasi tu, na mahali penye kasoro panajitokeza penyewe. Baada ya hapo ndipo naanza kugonga bangili yenyewe, kuanzia katikati ya neno kwenda pembeni, pigo moja zito kwa kila herufi, bamba likiwa limelainishwa kwa moto na limelazwa juu ya chuma bapa. Mapigo mawili mepesi huzaa kivuli, na herufi yenye kivuli haiponi.

Maandishi ya Kiswahili yananidai mambo ambayo mifano ya kale hainipi. Kila anayejifunza herufi kubwa za Kirumi huelekezwa kwenye maandishi yaliyo chini ya Nguzo ya Trajan, mnara wa kumbukumbu ya kaisari Trajan huko Roma, ya mwaka 113. Zile ni herufi za kupendeza kupita kiasi. Padri mmoja Mmarekani, Edward Catich, aliyekuwa pia mwandishi wa hati, alieleza mwaka 1968 kwamba herufi hizo zilichorwa kwanza kwa brashi bapa na ndipo zikachongwa, na kwamba vile vikono vidogo vinavyotokeza kwenye ncha zake, ambavyo wachapaji huviita serifu, ni alama ya brashi inapoingia na kutoka. Mimi nimeshika brashi hiyo na ninamwamini: mkono ukipinda kidogo mwishoni mwa mstari, serifu inatoka yenyewe.

Sasa jaribu kuandika Kiswahili kwa herufi za nguzo hiyo. Hazimo H, J, K, U, W, Y wala Z. Neno dogo kama KWETU linapata E na T tu. Mchora fonti Carol Twombly alipotengeneza fonti ya Trajan, inayofuata herufi hizo, kwa ajili ya kampuni ya Adobe mwaka 1989, herufi zilizokosekana ilibidi azibuni. Nami nilifanya hivyo hivyo kwa penseli, kwa ajili ya vidani vyangu. K niliitoa kwenye R: nikachukua ule mguu wake mrefu unaoteleza kwenda kulia, nikauongezea mkono wa juu mfupi zaidi, na mahali vinapokutana nikapaacha pakiigusa nguzo ya K kwa shida. W ilinisumbua muda mrefu. Ni herufi pana, ina mistari minne, na kwenye pambo la shingoni inaleta uzito upande mmoja. Kiswahili nacho kinaipenda W. Nilijaribu V mbili zilizopishana katikati, na hilo lilipunguza upana na kuniletea kijitundu kidogo cha umbo la almasi pale zinapokatana. Leo watu hunitambua kwa W hiyo.

Kwenye herufi ndogo shida ni nukta. Neno "jirani" lina nukta tatu zinazoelea hewani: ya j na za i mbili. Karatasi inazibeba bila gharama, lakini fedha haiwezi kuelea. Mafundi wengi huziunganisha kwa kijiti kidogo kati ya nukta na herufi, na matokeo yake i inafanana na l iliyovimba kichwani. Wengine huziacha kabisa. Njia ninayoipenda mimi inatumika pale neno linapoanza na kuisha kwa herufi yenye nukta: nukta ya kwanza na ya mwisho nazitengeneza kuwa vipete, nazilehemu juu ya herufi zake kwa nyuma, na mkufu unapita humo. Mvaaji akisimama, mkufu unazibeba nukta na nukta zinalibeba neno. Ya katikati naibandika kwa kijibamba chembamba nyuma yake, kilichopakwa weusi ili kisionekane.

Kabla ya kukata fedha, neno lolote nalikata kwa kadibodi na kulitundika kwa uzi. Neno lenye herufi kubwa mwanzoni na ndogo zinazofuata lina kawaida ya kuinamia upande wa herufi kubwa. Kadibodi inaniambia pa kuweka vishikizo, na wakati mwingine inaniambia neno hilo halifai kutundikwa, bora liwe bangili.

Nikiwa kwenye nukta, kuna habari moja niipendayo sana. Ibn Muqla, katibu na waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 940, aliuwekea mwandiko wa Kiarabu vipimo kwa kutumia nukta ya kalamu. Unaiweka ncha pana kwenye karatasi ikiwa imeinama, unaikandamiza kidogo, na inaacha mraba uliosimama kwa pembe. Alif, herufi ya kwanza ya Kiarabu, ina urefu wa nukta kadhaa, na herufi nyingine zinapimwa kutokana nayo. Karibu miaka elfu moja baadaye, Edward Johnston, mwalimu wa kalamu ya ncha pana huko Uingereza, aliombwa kuchora herufi za reli ya chini ya ardhi ya London, zikaanza kutumika mwaka 1916. Ni herufi nyofu, hazina serifu, hazina alama yoyote ya kalamu, isipokuwa moja: nukta ya i na ya j ni mraba uliosimama kwa pembe. Hati moja inakwenda kulia, nyingine kushoto, na katika zote mbili ncha ile ile ya kalamu imeacha chapa yake.

Nilitengeneza hereni kutokana na nukta hiyo, miraba mitatu ya fedha iliyopangwa wima, na ndizo kazi zangu zilizo rahisi kuliko zote. Faida kubwa zaidi ilikuwa mezani kwangu. Nilianza kupima kila herufi kwa nukta badala ya milimita. Nguzo ya herufi ni nukta moja kwa upana, urefu wake nukta saba. Nikitaka kidani chepesi nachukua nukta ya milimita 1.5, nguzo inasimama milimita 10.5, nikitaka herufi ya ukutani nachukua nukta ya sentimita 4, nguzo inafika sentimita 28. Uwiano haubadiliki, na tundu la herufi linakua pamoja na herufi yake. Chini ya milimita 1 sishuki, kwa sababu nguzo nyembamba kuliko hapo hupinda ikinaswa kwenye sweta.

Herufi za ukutani zina mwalimu wao, naye ni umbali. Watengenezaji wa mabango wana kipimo cha kukadiria: sentimita 2.5 za urefu wa herufi kwa kila mita 3 za umbali wa msomaji. Ndani ya nyumba mtu hayuko mbali hivyo, kwa hiyo herufi inaweza kuwa kubwa kwa ajili ya uzuri tu, na hapo kasoro zote zinaonekana. O iliyokatwa kwa urefu sawasawa na H itaonekana fupi. Mviringo unagusa mstari kwa nukta moja tu, na jicho halihesabu hiyo. Wachora fonti huipandisha O juu kidogo ya mstari na kuishusha chini kidogo. Kwa herufi ya sentimita 30, mimi huongeza milimita 3 hadi 5 kila upande. Seremala anayenikatia mbao aliniletea O ya kwanza akiwa ameipunguza ilingane na H, kwa nia njema kabisa, akidhani mchoro umekosewa. Tulizisimamisha ukutani zote mbili, ile yake na nyingine yenye ziada, tukarudi nyuma hatua chache. Hakuhitaji maelezo. Siku hizi yeye ndiye anayeniuliza kuhusu S na C kabla hajawasha msumeno.

Halafu kuna kivuli. Herufi iliyogundishwa moja kwa moja ukutani imekufa. Ukiiweka juu ya vijiti vya sentimita 1 mpaka 2 nyuma yake, kivuli chake kinalala ukutani na kutembea na mwanga wa siku. Kivuli hicho huingia ndani ya matundu. Kwenye A na e, mwanga ukitoka juu, kivuli kinaweza kulijaza tundu lote na kuliziba. Kwa hiyo nauliza dirisha liko wapi na taa iko wapi kabla sijaamua unene wa mbao, na kwa maneno yenye matundu madogo natumia mbao nyembamba zaidi.

Kuhusu vitu vya kale vyenye herufi, nina msimamo na sitauficha. Kuna mapambo mengi yanayotengenezwa kwa vitufe vya taipureta za zamani, vile vya mviringo vyenye pete ya chuma na kioo juu. Vinavutia, nakubali. Lakini ili kuvipata, mtu huikata taipureta vitufe vyote, na mashine ambayo ingeweza kuandika kwa miaka mingine mingi inabaki mifupa. Nikipata mashine iliyokwisha kuvunjika kiasi cha kutotengenezeka, navitumia. Nzima siikati, hata mteja aje na ya kwake.

Herufi za madini ya risasi za matbaa ni suala la afya. Tangu mchapaji Gutenberg huko Mainz, Ujerumani, katikati ya karne ya 15, herufi za kuchapia zilitengenezwa kwa mchanganyiko ambao sehemu yake kubwa ni risasi, pamoja na bati na antimoni. Ni vitu vizuri ajabu, herufi imegeuzwa kinyume na imetengenezwa kwa makini yasiyoelezeka. Kwa kipimo cha Marekani kila kipande kina urefu wa inchi 0.918, yaani takribani milimita 23.3, ili zote ziguse karatasi kwa pamoja. Lakini risasi ni sumu, na haifai kukaa kwenye ngozi wala mkononi mwa mtoto. Anayezipenda azifungie ndani ya fremu yenye kioo na anawe mikono baada ya kuzishika. Herufi za mbao ndizo salama kwa mapambo. Darius Wells alianza kuzitengeneza kwa wingi huko New York katika miaka ya 1820, na kiwanda cha Hamilton kilichoanzishwa mwaka 1880 huko Two Rivers, Wisconsin, kilizisambaza sana; leo mji huo una makumbusho ya herufi hizo. Zilikatwa kwenye uso wa mbao unaoonyesha mwisho wa nyuzi zake, na wino wa miaka mingi umeingia ndani ya mbao na kuzipa rangi ambayo hakuna varnishi inayoweza kuiiga.

Anayetumia fonti za kompyuta asome leseni. Nchini Marekani umbo la herufi halilindwi na hakimiliki, lakini faili la fonti hulindwa kama programu, na nchi nyingine zina taratibu zake. Leseni nyingine za kulipia zinakubali nembo na matangazo lakini zinakataza kuuza herufi moja moja kama bidhaa, na kidani cha herufi moja ndicho hicho hicho. Fonti zenye leseni ya SIL Open Font, ambayo toleo lake la 1.1 ni la mwaka 2007, zinaruhusu kazi za kuuzwa. Mimi siku hizi nachora mwenyewe karibu kila kitu, kwa sababu fonti ilichorwa kwa ajili ya wino, na nimekwisha kueleza madini yanavyoifanyia kona.

Neno linaweza pia kuandikwa bila umbo la herufi hata moja. Huko Uingereza katika karne ya 19 watu walivaa pete ambazo mawe yake, ukisoma herufi ya kwanza ya jina la kila jiwe kwa Kiingereza, yalitoa neno REGARD: ruby, emerald, garnet, amethyst, ruby, diamond. Nimejaribu kwa majina ya Kiswahili. Akiki, lulu, akiki, marijani, akiki: ALAMA. Rangi zake zinapendeza, wekundu wa namna mbili na weupe mmoja katikati yao, na mvaaji anaamua mwenyewe nani aambiwe.

Kazi ninayoithamini kuliko zote ni ya mwandiko wa mtu aliyefariki. Mteja huja na barua, kadi, ukurasa wa daftari, na anataka jina au neno moja ligeuzwe kuwa kidani. Mama mmoja aliniletea barua ambayo baba yake alikuwa ameitia jina lake la utani mwishoni, kwa kalamu ya kawaida ya wino. Mstari ulikuwa mwembamba kuliko fedha inavyoweza kustahimili. Nikiunenepesha tu, tundu la e linazibika na kitanzi cha k kinapotea, kwa sababu unene unaingia ndani kama unavyotoka nje. Dawa yake ni kulikuza neno zima kwanza, ndipo mstari uongezwe unene, huku matundu yakipimwa moja moja dhidi ya karatasi mpaka yabaki na uwiano ule ule.

Kisha kulikuwa na o yake. Mzee huyo hakuwa anaifunga. Kalamu ilizunguka ikakaribia kurudi ilikoanzia, halafu ikakimbilia herufi inayofuata na kuacha pengo juu. Fundi yeyote atakwambia pengo hilo ni udhaifu: fedha iliyo wazi hivyo hufunguka ikivutwa. Binti yake mwenyewe aliniambia niifunge ikiwa italeta shida. Nilikataa, kwa sababu nilikuwa nimetazama barua nzima na kila o ndani yake ilikuwa wazi vile vile. Yeyote aliyewahi kupokea barua zake angelitambua pengo lile kabla ya kuzitambua herufi. Nikalilehemu neno juu ya bamba la duaradufu, nikalitia bamba weusi kwa dawa ya salfa, na juu yake fedha ya maandishi nikaing'arisha. Bamba la nyuma linashika nguvu zote, kwa hiyo o inaweza kubaki wazi miaka yote bila kufunguka.

Kwa yeyote anayetaka kufanya kazi ya namna hii, ushauri wangu ni kuomba mifano mingi ya mwandiko kadiri inavyopatikana, hata kama neno linalohitajika liko kwenye karatasi moja tu. Mfano mmoja hauonyeshi kipi kilikuwa tabia ya mkono na kipi kilikuwa haraka ya siku hiyo. Mstari uliotetemeka kwa sababu ya uzee usiunyooshe bila kuuliza. Wapo wanaoutaka hivyo hivyo, na wapo wanaomba mwandiko wa ujanani. Barua ya asili naipiga picha mbele ya mteja, kwa mwanga wa ubavuni unaoonyesha mahali kalamu ilipokandamiza, na naikabidhi siku hiyo hiyo. Kazi yote inafanyika juu ya nakala. Nakala hiyo naitunza pamoja na vipimo vyake, maana mara nyingi baada ya kidani cha kwanza ndugu wengine hufuata, kila mmoja akitaka cha kwake.